Kichanga, arobaini na kamera: nyumbani au studio?



Mimi ni fundi cherehani, duka langu lipo Maisaka, hapa Babati mjini. Nashona magauni na sare za shule, lakini miaka ya karibuni wateja wangu wengi ni wazazi. Wanataka vile vitambaa laini vya kumzungushia mtoto mchanga, na vikofia vya kupigia picha. Na karibu kila mmoja akishalipa huniuliza: "Dada, nimpeleke studio au nimwite mpiga picha aje nyumbani?"

Zamani nilikuwa najibu haraka. Siku hizi naanza na hadithi, kwa sababu swali hili ni la zamani kuliko simu zetu, na sehemu kubwa ya historia yake ipo huko kwenu Unguja.

Mtoto wa siku arobaini

Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Baadaye aliishi Ujerumani, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake. Ndani yake ameeleza mtoto wa jumba la kifalme alivyotunzwa. Kichanga kilioshwa kwa maji ya moto, kikapakwa unga wenye harufu nzuri, kikavishwa kishati chepesi. Kisha kililazwa chali, mikono na miguu ikanyooshwa, kikazungushiwa kitambaa mpaka mabegani. Kilikaa hivyo siku arobaini, kikifunguliwa wakati wa kuogeshwa tu. Katika siku hizo walioruhusiwa kumwona walikuwa wachache, watu wa karibu.

Niliposikia habari hizo nilicheka peke yangu dukani. Vitambaa ninavyoshona leo, ambavyo wateja wanadhani ni mtindo mpya wa mtandaoni, bibi zetu walivijua. Tofauti ni kwamba wao walimfunga mtoto ili alale na akue vizuri, sisi tunamfunga ili apendeze kwenye picha. (Na mteja wangu namwambia kila mara: usikaze huku chini, nyonga na miguu ya mtoto ipate nafasi ya kukunjika.)

Kwa nini picha zilipigwa studio

Upigaji picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Kamera za mwanzo zilikuwa kubwa na nzito, zilihitaji mwanga mwingi, na mtu alitakiwa atulie kimya kwa muda mrefu. Ndiyo maana studio zilijengwa zikiwa na madirisha makubwa au paa la kioo. Watu walikwenda studio kwa sababu mwanga ulikuwa huko, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda mahali penyewe.

Sasa kichanga utamwambiaje atulie? Huko Ulaya na Marekani walipata njia. Mama alikaa kwenye kiti akampakata mtoto, halafu yeye akafunikwa shuka au pazia mwili mzima, aonekane kama kiti tu. Picha za namna hiyo zipo nyingi mpaka leo. Ukiziangalia vizuri utaona mkono unachungulia, au umbo la kichwa chini ya kitambaa. Mtoto yupo, mama kafutwa.

Kwetu, studio zilianza mapema Unguja. A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio mjini Zanzibar tangu miaka ya mwisho ya 1860. Wakafuata wengine wa asili hiyohiyo, kama J. P. Fernandes na ndugu wa Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, na mwanawe akaja kuiendeleza. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh kuanzia miaka ya 1940, na Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa kuunganisha sura za watu na maua na mapambo mengine.

Kwenda studio lilikuwa jambo kubwa. Watu walivaa nguo mpya, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani au ngazi za jumba ambalo hawakuwa nalo. Lakini mama mzazi aliye kwenye arobaini hatoki. Studio inaweza kuwa mtaa wa pili, kwake ni mbali kama Maka. Kwa familia iliyoshika desturi, picha ya kwanza ya mtoto ilibidi ingoje.

Picha iliyongoja

Hapa ndipo historia inaponigusa mwenyewe. Mama yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza miaka ya 1980, kijijini, barabara ya kwenda Kondoa. Baba alisema wakitoka arobaini watapanda basi waje mjini Babati wapige picha ya familia. Nguo ya mtoto ilishashonwa. Siku ya thelathini na moja mtoto alipata homa, na hakuiona ya thelathini na mbili. Innalillahi wainna ilayhi rajiun.

Mama hana picha ya kaka yangu. Ana kanga aliyombebea, basi. Mpaka leo akijaribu kutueleza sura yake anaishia kusema, "alifanana na nyinyi wote."

Kwa hiyo nilipojifungua mimi, mama huyohuyo aliyeshika desturi zote ndiye aliyesema tusingoje. Siku ya tisa tukaita bajaji tukaenda studio. Ilikuwa Julai, na mnaoijua baridi ya Babati mnaelewa. Mtoto akalazwa kwenye kikapu chenye maua ya plastiki, akalia, akanyonya, akalia tena. Mshono wangu ulikuwa unauma, na mahali pa kukaa kulikuwa na stuli moja. Picha zilitoka nzuri sana, sisemi uongo. Lakini mimi simo, na mama hayumo. Tulikuwa nyuma ya pazia tumeshika mikoba, kama wale akina mama wa zamani waliofunikwa shuka, ila sisi hata mkono hauonekani.

Kamera ilishatoka studio

Mwaka 1888 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya kubeba mkononi, na mwaka 1900 ikatoa nyingine, Brownie, kwa dola moja ya Marekani. Tangu hapo picha ya mtoto ingeweza kupigwa kitandani alipozaliwa, ingawa kwetu jambo hilo lilichelewa kufika kwa watu wa kawaida.

Kilichoturudisha studio ni mtindo. Mwaka 1996 Anne Geddes, mzaliwa wa Australia, alitoa kitabu cha picha za watoto wachanga waliopambwa kama maua na wadudu wa bustani, kikapendwa dunia nzima. Wapiga picha wengi wa vichanga leo wanapenda kumpata mtoto ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kuwa bado analala sana na anakunjika kirahisi. Mnaona shida iliyopo? Siku studio inazomtaka mtoto ndizo siku ambazo bibi zetu walimwambia mama akae ndani.

Jibu langu dukani

Baada ya hadithi hiyo ndipo najibu. Ndani ya arobaini, piga nyumbani. Sababu ya zamani ya kwenda studio ilikuwa mwanga na kamera nzito, na leo dirisha la chumbani asubuhi linatosha, hata kwa simu. Zima taa, sogeza kitanda karibu na dirisha, pasha chumba joto, mtoto akishanyonya mlaze chali. Yale mapozi ya kushika kidevu kwa mikono miwili usiyajaribu: mara nyingi ni picha mbili zilizounganishwa, na kichwa kilikuwa kimeshikwa na mtu mzima.

Mkitoka arobaini, wewe una nguvu na mtoto ana shingo kidogo, nendeni studio mkitaka. Pendezeni, simameni mbele ya pazia kama walivyofanya wazee wetu. Hiyo nayo ni raha yake.

Kama unaogopa husuda, si lazima picha iende status. Mtoto aliyeelezwa na Bibi Salme alionwa na wachache, na wa kwako anaweza kuonwa na wachache pia. Isafishe karatasi, iweke kabatini.

Ila mama, ingia kwenye picha. Na bibi aingie. Mtoto wangu wa pili nilimpigia chumbani, siku ya sita, amelala mapajani kwa mama yangu, kafungwa kwenye kanga ileile ya kaka yangu. Kitanda hakijatandikwa vizuri na ndoo inaonekana pembeni. Ndiyo picha pekee ambayo mama ameomba niisafishe kubwa aitundike ukutani.

Allah awajaalie wazazi wote afya, na watoto wetu awakuze katika kheri. Amin.