Smith, Frederick W.

Frederick Wallace Smith (11 Agosti 1944 – 21 Juni 2025) alikuwa mfanyabiashara wa Marekani na mkongwe wa Vita vya Vietnam, mwanzilishi wa kampuni ya kusafirisha vifurushi ya FedEx. Alizaliwa Marks, Mississippi, akahitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1966, kisha akatumikia vipindi viwili Vietnam akiwa ofisa wa kikosi cha Marine, akatunukiwa Silver Star kwa ushujaa na Purple Heart mbili, nishani wapewazo askari waliojeruhiwa vitani.

Federal Express (FedEx), aliyoiasisi mwaka 1971, ilianza kazi 17 Aprili 1973 kwa ndege 14 ndogo aina ya Dassault Falcon, zilizobeba vifurushi 186 kwenda miji 25. Vifurushi vyote, hata vya miji jirani, vilipelekwa kwanza Memphis, vikachambuliwa usiku na kupakiwa upya kabla ya alfajiri. Utaratibu huo, ambao kwa juujuu ni mzunguko wa bure, ulipunguza mno idadi ya njia za ndege zilizohitajika. Smith alikuwa mtendaji mkuu wa kampuni hiyo hadi mwaka 2022. Miongoni mwa watoto wake 10 ni Arthur Smith, aliyekuwa kocha mkuu wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Atlanta Falcons.