Ufunguzi wa Kutisha: Filamu ya Simba (1955) na Historia ya Maskwota wa Bonde la Ufa

Hofu katika filamu haizuki yenyewe, hutengenezwa. Mwongozaji huamua nani aonekane na nani afichwe, nani aseme na nani asisikike. Maamuzi hayo huwa mazito zaidi mwanzoni, kwani ndipo mtazamaji anapoelekezwa wa kumhurumia na wa kumwogopa. Makala hii inachunguza ufunguzi wa Simba, filamu ya Kiingereza iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst na kutolewa mwaka 1955, wakati Kenya ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari. Tunadai kwamba mbinu zake za kutisha zilichukua nafasi ya maelezo ya kihistoria, na kwamba waliopotezwa humo ni watu kama maskwota wa Bonde la Ufa.

Tuanze na tukio lenyewe. Mwafrika anaendesha baiskeli. Anasikia kilio cha kuomba msaada. Ni Mzungu aliyejeruhiwa. Anashuka na kumwendea. Mtazamaji anatarajia wema, lakini panga linainuliwa na majeruhi anauawa. Tukio hili lina nguvu kwa sababu sauti inatangulia: kilio kinaahidi uokozi, na ahadi hiyo ndiyo inayosalitiwa. Hata hivyo, hatuna budi kuuliza sauti imegawanywaje. Anayekufa amepewa kilio. Anayeua hakupewa jina wala jana yake. Swali la sababu limefungiwa nje ya picha kabla hadithi haijaanza.

Baadaye mwanga unaendeleza kazi hiyo. Mkutano wa masetla unafanyika ndani ya nyumba, penye mwanga wa kutosha, na kila msemaji anaonekana uso na kusikika peke yake. Mkutano wa Mau Mau ni wa usiku, nje, katika vivuli, na sauti ya kundi inaimeza sauti ya mtu mmoja. Hao wa kwanza ni watu. Hawa wa pili ni giza tu. Isitoshe, Dirk Bogarde, mwigizaji mkuu, alipigwa picha katika studio za Pinewood, Uingereza. Kenya ilitoa mandhari.

Hatusemi kuwa hofu ya masetla ilikuwa ya kubuni. Tarehe 24 Januari 1953, Roger Ruck, mkewe Esme na mtoto wao mdogo waliuawa shambani kwao Kinangop. Hofu ya kusalitiwa na mtu unayemwamini ilitanda mashambani, na ufunguzi wa Simba unaigusa hofu hiyohiyo. Lakini historia ya mashamba hayo haikuanza na panga. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka. Ile ya mwaka 1937 iliyapa mabaraza ya wilaya ya masetla uwezo wa kuziongeza siku hizo na kupunguza mifugo na ardhi yake ya kulima. Waliohamishiwa Olenguruone walikula kiapo cha umoja katika miaka ya 1940 kupinga masharti ya serikali, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa. Kiapo ambacho filamu inakionyesha kama giza lisilo na chanzo kilikuwa na chanzo kinachojulikana kwa tarehe.

Hofu hiyo ilikuwa na gharama. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliondolewa katika mashamba ya Bonde la Ufa wakati wa Hali ya Hatari. Raia wa Kizungu waliouawa katika vita hivyo walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa hukumu za mahakama walizidi 1,000. Ufunguzi wa Simba unatufundisha kumlilia mmoja tu.

Ukimya unaweza kutumiwa kwa namna nyingine. Katika The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo iliyochapishwa mwaka 1976, mshtakiwa anaulizwa mwanzoni kama ana hatia, naye anakaa kimya. Taharuki inapanda pale pia, ila ukimya huo ni wake mwenyewe: anaikatalia mahakama haki ya kumhukumu. Yule wa baiskeli hakuuchagua ukimya wake.

Kwa hiyo, tunapowafundisha wanafunzi wetu kuzichambua mbinu za taharuki, isitoshe kuuliza hofu imejengwaje. Tuulize pia ni nani aliyenyimwa sauti ili hofu hiyo isimame.