Hedhi, Khanga Kuukuu na Mabinti wa Vyuo vya Posta

Ndugu msomaji, jambo nitakalolieleza hapa husemwa kwa kunong'ona majumbani mwetu, na huenda baba mwenye nyumba akataka kuufunua ukurasa huu upesi aupite. Namuomba asiupite. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao, na Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mwanamke namna ya kujitwahirisha baada ya hedhi, akamwelekeza hata kwenye kipande kilichotiwa miski. Basi lililosemwa Madina haliwezi kuwa aibu kusemwa Dar es Salaam.

Katika miji yetu ya pwani, mwanamwali alipovunja ungo alikabidhiwa somo au kungwi, na huyo ndiye aliyemfunza kuvaa sodo. Sodo ilikuwa kitambaa, aghalabu kilichochanwa katika khanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi hata ikawa laini. Watu wa leo hukicheka kitambaa hicho, mimi sikicheki. Hakikununuliwa, na kilikuja pamoja na mtu wa kufundisha, maji ya kisimani na ua wa wanawake. Dosari yake ni kwamba wengi kwa kuona haya walikianika mvunguni au chini ya nguo nyingine, kikakosa jua, na kitambaa chenye unyevu huleta maradhi.

Ama taulo za kutupa, hizo zilitoka vitani. Katika Vita Vikuu vya Kwanza wauguzi wa hospitali za jeshi huko Ufaransa waliona kwamba bandeji zilizofanywa kwa nyuzi za miti hufyonza damu kuliko pamba, wakazitumia kwa haja yao wenyewe. Mwaka 1920 kampuni ya Kimarekani ya Kimberly-Clark ikaanza kuuza taulo za namna hiyo kwa jina la Kotex. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyotuachia sisi jina la Kariakoo, kwani hapo waliwekwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps. Leo taulo hizo hushushwa Kariakoo kwa makatoni.

Sasa tazama vyuo vya mjini, kutoka Kariakoo ukivuka Mnazi Mmoja kwa miguu. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianza mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha mwaka 1972. Binti hutoka Tanga, Kilwa au Unguja akaja kusoma huku, akapanga chumba. Somo hana, ua hana, na bomba ni la wapangaji wote. Kitambaa cha bibi yake akifue wapi na akianike wapi? Hununua, basi, siku pesa zikiwapo. Zisipokuwapo, hukaa na taulo moja kutwa nzima, au hakwendi darasani.

Zipo taulo za kufua, na kipo kikombe cha hedhi ambacho kikitunzwa hudumu hata miaka 10. Lakini kikombe kinataka maji safi na sufuria ya kukichemshia, na akina mama wengi wanakihofia kwa ajili ya ubikira wa binti. Na waulize daktari wa kike, wasimtishe mtoto kwa maneno ya barazani.

Tena wapo wenye damu ya istihadha, ambayo haiondoi sala. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye damu hiyo hujiosha, akajifunga na kutawadha kwa kila sala ya fardhi. Adhuhuri humkuta chuoni. Anahitaji choo chenye maji na mlango unaofungika, na kitambaa kingine mkobani.

Katika bajeti ya mwaka 2018/19 serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, katika taulo za kike. Mwaka uliofuata ikairudisha, na Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, akaeleza kwamba nafuu haikuwafikia wanunuzi, bei zilikaa pale pale. Nafuu ile haikuzama baharini, ewe mfanyabiashara. Ilibaki katika mikono ya watu, na kila mmoja anaujua mkono wake. Jirani zetu wa Kenya waliiondoa kodi hiyo mwaka 2004, na mwaka 2017 wakatunga sheria ya kuwapa wanafunzi wa kike taulo bure. Lakini hao ni wa shule za msingi na sekondari. Huyu aliyefika chuoni hafikiriwi, kana kwamba hedhi hukoma siku ya mtihani wa mwisho.

Bodi ya Mikopo huhesabu ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Hedhi haina fungu lake. Na baba naye akituma pesa za mwezi huhesabu kodi ya chumba, nauli na chakula, naye binti hana uso wa kumtajia lililosahauliwa. Nafaka ya mtoto ni pamoja na hili. Mkiona taabu kulitaja, liandikeni "sabuni" katika hesabu, mlizidishe kidogo, naye atafahamu.