Namba ya Mersenne na Vigawo Vyake Vilivyofichika

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa na mwanahisabati wa Paris, alidai katika kitabu chake Cogitata Physico-Mathematica kwamba mbili 67 zikizidishwa pamoja na kutolewa 1, hupatikana namba tasa, yaani namba isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba hiyo, 147,573,952,589,676,412,927, ina tarakimu 21, na Mersenne mwenyewe alikiri kwamba umri wote wa mtu usingetosha kuchunguza namba za ukubwa huo. Kwa hiyo dai lake lilikaa zaidi ya karne mbili bila kuthibitishwa wala kukanushwa.

Aliyelikanusha ni Mfaransa Édouard Lucas, mwaka 1876, kwa kanuni ambayo Derrick Henry Lehmer aliinyoosha baadaye: huanzwa na 4, kila hesabu huzidishwa kwa yenyewe na kupunguzwa 2, kisha hubakizwa baki tu linalopatikana baada ya kugawanya kwa namba inayochunguzwa. Baki likiwa sifuri katika hatua iliyowekwa, namba ni tasa. Lisipokuwa sifuri, si tasa. Jambo la kustaajabisha, na ndilo kiini cha historia hii, ni kwamba kanuni hiyo ilithibitisha kuwa vigawo vipo bila kuonyesha hata kimoja.

Miaka 27 ilipita kabla Mmarekani Frank Nelson Cole hajavipata. Ilikwisha kujulikana kwamba kila kigawo tasa cha namba hiyo lazima kiwe kigawe cha 134 kilichoongezwa 1, lakini hata kwa msaada huo kigawo kidogo kipo katika nafasi ya 1,445,580 ya mfululizo, umbali ambao kugawanya kwa mkono, kimoja baada ya kingine, kungemchosha yeyote. Cole alizichuja namba zilizoweza kuwa vigawo kwa kutumia mabaki ya vipeo vya pili, yaani mabaki ya namba zilizozidishwa kwa zenyewe, na tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani jijini New York, alitoa jibu: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Kazi hiyo inastahili heshima kubwa, kwa maana uthibitisho wake unaweza kurudiwa na mwanafunzi yeyote anayejua kuzidisha.

Tofauti hiyo baina ya kuzidisha, ambako ni kwepesi, na kutafuta vigawo, ambako ni kugumu, ndiyo iliyowawezesha Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman kubuni, mwaka 1977, mfumo wa kuficha ujumbe kwa namba itokanayo na namba tasa mbili kubwa. Kompyuta ya leo huvipata vigawo vya Cole kwa muda mfupi mno, lakini namba ya mfumo huo yenye tarakimu 617, ikiwa imeundwa ipasavyo, bado haijapata kuvunjwa hadharani.