Mlima wa Moto ni Mzee wa Wote
(Mazungumzo ya amani yaliyosomwa redioni)

  Wewe unayesoma maneno haya kwenye karatasi, ukiweza, msomee na jirani yako asiyejua kusoma.

Leo tuzungumze juu ya Nyiragongo na milima ndugu zake. Wengi wenu mmekimbia mara mbili: mara moja mbele ya moto wa mlima, mara nyingine mbele ya bunduki. Basi mtu anaweza kuuliza: "Tuko mbali na mashamba yetu, watoto wana njaa, mbona mnatuletea habari za mawe na watalii?" Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni hili: mlima huu ni urithi wetu sote, na jinsi tunavyoutunza pamoja, au tunavyougombania, inagusa uhai wa watoto wetu.

Kwanza tuangalie kazi yake. Wataalamu wanasema zamani maji ya bonde letu yalishuka kuelekea kaskazini. Moto ulipotoka ardhini na milima ya Virunga ikainuka, bonde likazibwa. Maji yakajaa, yakapata njia ya kusini kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Kwa hiyo ziwa Kivu, samaki wake, na udongo mweusi unaozaa viazi na kabichi huko Kibumba, vyote vina deni kwa mlima. Mawe ya kuta zetu za Goma pia ni moto uliopoa.

Lakini mlima huo huo unaua. Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la moto lililokuwa juu yake lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, na vijiji vilivyokuwa chini havikupata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena usiku, ukasimama karibu na mji. Siku tano baadaye kartie nyingi ziliamriwa kuhama, na njia ya Sake ikajaa watu. Kumbukeni jambo moja: moto haukuuliza kabila la mtu. Mwaka 2002 na 2021, watu wengi walivuka mpaka kwenda Rwanda kutafuta usalama.

Sasa tusikie maneno ya wazee. Katika masimulizi ya kale ya Kinyarwanda, Ryangombe na roho njema wanakaa Karisimbi, nazo roho mbaya zinatupwa ndani ya Nyiragongo. Si lazima uyaamini. Lakini uone kwamba watu walikuwa wakiutazama mlima na kuufikiri tangu kale. Hawakuuona kama rundo la mawe tu.

Kuna neno lingine kubwa zaidi: mazuku. Kati ya Goma na Sake kuna mashimo na mabonde madogo ambamo hewa mbaya inatoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inalala chini, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Wazazi waliwaonya watoto: usilale pale, usichunge mbuzi pale. Wenye vyombo vya kupima walikuja baadaye, wakakuta kwamba wazee walisema kweli. Leo wataalamu wa volkano duniani wanaandika neno hilo hilo, mazuku, katika vitabu vyao. Elimu yetu ilikwenda mbali kuliko sisi.

Hapa ndipo uhamisho unapotuumiza. Mtu aliyetoka Masisi au Rutshuru anafika mahali pasipo kwao. Anaona bonde tupu, anajenga kibanda. Hajui kwa nini liko tupu. Mwenyeji anajua, lakini wamegawanyika, hawasemezani. Mtoto anaweza kufa kwa sababu watu wazima wawili hawakusalimiana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu naye ana wajibu wa kusema.

Tuje kwenye parke. Ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, ikapewa jina la mfalme Albert. Ndiyo parke ya kwanza ya taifa katika Afrika. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia, na mwaka 1994 ikaingia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka huo wakimbizi kwa mamia ya maelfu walifika Goma, na msitu ukakatwa kwa kuni. Hawakukata kwa chuki, walitaka kupika.

Tuseme ukweli wa pande zote mbili. Mipaka ya parke iliwekwa wakati wa wakoloni, na familia nyingi bado zinaikumbuka ardhi ya babu zao. Na walinzi zaidi ya 200 wamekufa katika kuilinda; wengi ni watoto wa vijiji hivi hivi. Mjane wa mlinzi na mjane wa mkulima wanalia kilio kimoja.

Utalii nao? Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakati wa utulivu watalii walipanda Nyiragongo kutoka Kibati, na vijana walipata kazi ya kubeba mizigo na kupika. Vita vilipokuja, wageni wakatoweka. Huko Tanzania, Ngorongoro na mlima Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai wanauita mlima wa Mungu, viliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika hifadhi zinazoheshimu mawe pamoja na historia ya watu. Hata hivyo, huko pia mzozo wa ardhi haujakosekana. Tujifunze basi: sifa ya dunia peke yake haileti amani. Mwenyeji asipopona, hataulinda mlima kwa moyo.

Ndugu zangu, tunawaomba mambo matatu. Mashefu, waonyesheni wageni wenu mahali pa mazuku kabla hawajajenga. Wazee, waambieni vijana wa makabila yote mliyoyaona mwaka 1977 na 2002. Na kila mkizungumza juu ya mpaka wa parke, mkulima na mlinzi wakae katika baraza moja, mama nao wapewe neno.

Mlima ulikuwepo kabla ya ugomvi wetu. Tuusikilize kama mzee, na amani ikae nasi. Kwaherini.

Maswali ya kuzungumzia:
1. Mahali mnapokaa sasa, ni nani anayejua mabonde ya hatari? Mmeshamuuliza?
2. Watalii wakirudi, faida igawanywe namna gani ili hata aliyehama apate sehemu?
3. Ni hadithi gani ya mlima mliyoipata kwa wazazi, ambayo watoto wenu hawajaisikia?