Baazigar: Siku steringi alipomtupa mpenzi wake

Wadau, sisi wa mabanda ya video tunajua sheria ya picha la Kihindi: steringi hamuui mpenzi wake. Mwaka 1993 ndugu wawili, Abbas na Mustan, wakaivunja kwa Baazigar. Shah Rukh Khan anampeleka Seema (Shilpa Shetty) wakafunge ndoa ya serikali, kisha anamsukuma kutoka juu ya ghorofa. Na huku anamtongoza ndugu yake, Kajol!

Kisa kilitokana na riwaya ya Mmarekani Ira Levin ya 1953. Mle muuaji anataka utajiri tu. Bombay wakampa sababu: familia ilidhulumiwa mali, baba akafa, mama akachanganyikiwa.

Hapo ndipo walipotupata. Nilimlilia muuaji, nikamsahau Seema. Yeye alikosa nini jamani?