Kukausha Gari Baada ya Kuosha

Kukausha gari baada ya kuosha ni kuondoa maji yaliyobaki juu ya rangi, vioo na rimu, na ndani ya mianya ya bodi, kabla hayajakauka yenyewe. Hufanywa kwa taulo au ngozi inayonyonya maji, kwa hewa ya blowa au kompresa, au kwa vyote viwili. Katika sehemu nyingi za kuoshea magari kazi hii huhesabiwa kuwa ya kumalizia tu, na huachiwa mgeni kazini aliyepewa tambara la fulana kuukuu. Hilo ni kosa kubwa. Mikwaruzo myembamba ya mviringo inayojitokeza kwenye gari jeusi likipigwa na jua, kwa sehemu kubwa, haikutoka barabarani. Imetokana na mikono iliyoliosha na kulifuta.

Madoa ya maji

Maji ya bomba na ya kisima hubeba madini yaliyoyeyuka, hasa kalisi na magnesi. Tone likikauka, maji hupanda kama mvuke na madini hubaki. Chokaa ileile inayoganda ndani ya birika la chai huganda juu ya boneti, safari hii kama duara lenye ukingo mweupe, kwa kuwa tone hukauka upesi zaidi pembezoni na kuzivuta chembe kuelekea huko. Maji yenye miligramu 500 za madini kwa kila lita si ya ajabu kisimani. Desilita moja tu ya maji hayo ikikaukia juu ya gari, miligramu 50 za madini zitabaki kwenye rangi, na gari likioshwa kila wiki zitaendelea kurundikana.

Wakazi wa mwambao wanalijua jambo hili vizuri. Unguja na Mombasa zimekaa juu ya miamba ya matumbawe, ambayo ni chokaa, hivyo maji ya visima vyake huwa magumu, na karibu na ufuo huongezewa chumvi ya bahari inayopenya chini ya ardhi. Gari likioshwa huko kwa maji ya kisima saa saba mchana bila kukaushwa, huwa na madoadoa kabla mwenyewe hajamaliza kukunja mpira wa maji.

Watu wengi huamini kwamba tone la maji huunguza rangi kwa kukusanya mwale wa jua. Sivyo. Tone lililolala juu ya bati ni bapa kwa chini, na mwanga unaopita ndani yake hukutana mbali zaidi ya pale rangi ilipo. Kinachodhuru ni madini yenyewe, pamoja na joto la bati linaloyakaza. Doa changa la chokaa hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikiachwa kwa muda mfupi kisha ikasuuzwa vizuri. Siki haiyeyushi madini mengine kama silika, na doa lililokwisha kula rangi huhitaji polishi, yaani kupunguza unene wa rangi yenyewe.

Ndiyo maana gari huoshwa kivulini, boneti ikiwa imepoa. Penye tangi la maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, ni vyema kuyatumia kwa msuuzo wa mwisho, kwani karibu hayana madini. Vituo vikubwa hupata matokeo hayohayo kwa kupitisha maji kwenye chujio linaloondoa madini.

Kutumia maji kuondoa maji

Hatua hii haigharimu chochote, ila ni wachache wanaoifuata. Badala ya kumaliza kwa mashine ya presha, inayoacha maelfu ya matone, kichwa cha mpira wa maji hutolewa na maji yakaachwa yatiririke polepole kuanzia paani. Maji hushikana na kuwa shuka moja linaloteleza hadi chini, likiondoka na matone mengi. Gari lililopakwa nta au kinga ya silika humwaga maji kwa urahisi zaidi, na kinachobaki kwa taulo huwa kidogo.

Taulo

Tabaka la juu kabisa la rangi ya kiwandani halina rangi, na mafundi huliita klia. Kwa kawaida lina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, jembamba kuliko nywele nyingi za kichwani, nalo ndilo lenye mng'ao na ndilo linaloikinga rangi ya chini na jua. Mchanga, kwa upande wake, una kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kupita chuma cha kisu cha kawaida. Punje moja iliyonaswa kwenye kitambaa na kuzungushwa kwa nguvu juu ya boneti huacha alama kila inapopita. Ubora wa taulo, basi, haupimwi kwa wingi wa maji linayonyonya tu. Lazima pia liwe na mahali pa kuificha punje ili isiguse klia.

Maikrofaiba inafaa kwa sababu hiyo. Nyuzi zake ni nyembamba kiasi kwamba mita 9,000 za uzi mmoja hazifikii gramu 1. Asili yake ni Japani, ambako mwaka 1970 Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray alitengeneza kitambaa cha nyuzi za aina hiyo kwa ajili ya mavazi. Matumizi ya kusafishia yalifuata baadaye. Taulo za leo za magari huchanganya poliesta na nailoni, mara nyingi kwa asilimia 80 na 20, na kila uzi hupasuliwa kiwandani kuwa vipande vyembamba zaidi. Maji huvutwa kuingia katika nafasi zilizo kati ya vipande hivyo. Manyoya marefu ya taulo humeza vumbi lililobaki, kazi ambayo ngozi ya shami haiiwezi. Shami hunyonya maji vizuri, lakini uso wake ni laini na bapa, na punje iliyokwama hubaki katikati ya ngozi na rangi. Shami za plastiki, ambazo hukakamaa zikikauka, zina dosari hiyohiyo.

Namna ya kulitumia ni kulitandaza taulo lote juu ya boneti, kushika ncha mbili, na kulivuta taratibu bila kukandamiza. Uzito wake unatosha. Kwenye milango, ambako haliwezi kulala, hukunjwa mara mbili ili lipate nyuso nane, kisha uso mmoja hubandikwa na kuinuliwa; ukilowa, hugeuzwa. Lebo iliyoshonwa pembeni hukatwa kabla ya matumizi ya kwanza. Taulo lililoanguka chini halirudi kwenye rangi siku hiyo, hata likikung'utwa namna gani. Taulo la rimu halichanganywi kamwe na la bodi, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma.

Taulo za maikrofaiba hufuliwa peke yake, kwani pamba huziachia nyuzinyuzi. Dawa ya kulainisha nguo haitumiki: huzipaka nyuzi utando, na taulo likaanza kuyasukuma maji badala ya kuyanywa.

Hewa

Hewa haikwaruzi, ndiyo sifa yake kuu. Pia hufika pasipofikika kwa mkono: nyuma ya saitimira, chini ya vitasa, kwenye nembo, grili, mashimo ya nati za magurudumu na kifuniko cha tangi la mafuta. Maji yaliyojificha humo ndiyo hushuka baadaye na kuchora mistari kwenye mlango uliokwisha kung'ara. Kwa pikipiki, yenye kona nyingi na injini iliyo wazi, blowa hufanya kazi ambayo taulo haliwezi.

Kazi huanzia paani kwenda chini, mdomo wa blowa ukiinamishwa ili maji yasukumwe upande mmoja. Blowa haina budi kuwa na chujio. Ile ya kupeperushia majani hufaa pia, mradi isiwekwe kwenye uwanja wa vumbi, kwani itafyonza mchanga na kuurusha kwenye rangi. Kompresa ya gereji nayo humwagwa maji ya tangini kwanza. Isiyo na chujio hurusha unyevu na mafuta. Mdomo wake usisogezwe karibu na rangi iliyobanduka, wala usielekezwe kwa mtu.

Blowa pekee huacha ukungu wa vitone vidogo, hivyo utaratibu ulio bora ni hewa kwanza, taulo baadaye, na taulo hilo lishike rangi kidogo iwezekanavyo.

Mwishoni milango na buti hufunguliwa ili kingo zake za ndani zifutwe, kisha gari huendeshwa mwendo mfupi huku breki zikikanyagwa polepole hadi diski zikauke, maana diski iliyolowa huota kutu nyepesi ndani ya saa chache. Gari hufunikwa turubai baada ya hapo tu.